Hela ya korosho imeingia na mtoto ana pumu: uanze kununua nini?

Bibi mmoja aliingia dukani kwangu hapa Masasi mwezi Machi, mvua inanyesha. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua fundo la khanga na kuhesabu sarafu juu ya kaunta. "Mwanangu, nipe vile vyeupe vya kifua, vya mia tano." Nyuma yake mjukuu wa miaka saba alikuwa ameshika fremu ya mlango, mabega yamepanda, kila akitoa pumzi kifua kinapiga filimbi. Nikamuuliza bibi kama mtoto amewahi kuandikiwa inhela. "Ile ya kuvuta? Walimwandikia hospitali. Lakini ile haikatwi."

Haikatwi. Nauza dawa miaka mingi sasa na sijamsikia mtu aliyeeleza vizuri kuliko huyo bibi tofauti ya kifua cha mtoto wa maskini na cha mtoto wa mwenye mshahara. Vidonge vinakatwa: vitano, kumi, hata vitatu. Mkaa unapimwa kwa kopo. Kuni zinaokotwa leo kwa ajili ya leo. Inhela ama unainunua nzima ama unaondoka bila kitu, na mtungi wa gesi ni vivyo hivyo, na bima ya mwaka pia. Mwenye hela ya kudunduliza ananunua kinachokatika, na kinachokatika karibu kila mara ndicho kibaya kwa kifua.

Jioni ileile alikuja mwalimu na kadi yake ya bima kuchukua inhela ya kahawia ya binti yake, siku kumi kabla ya ile ya zamani kwisha. Binti ana pumu sawa na yule mjukuu, ila anacheza netiboli. Kitaalamu hilo si ajabu. Pumu inawapata matajiri na maskini, na katika nchi zenye hela wenye pumu ni wengi tu, lakini Shirika la Afya Duniani linasema vifo vingi vinavyotokana nayo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, kwa sababu huko haigunduliki na haitibiwi inavyopaswa.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuongezea. Hela kubwa huingia mara moja kwa mwaka, kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho ikifanyika na malipo yakipita benki. Kifua hakingoji mnada. Kinasumbua kwenye mafua ya msimu wa mvua, kisha kwenye baridi ya Juni na Julai kule Newala na Tandahimba, miezi ambayo mfuko umekauka na mikorosho inapulizwa salfa. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya siku ile ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu, kabla bati, pikipiki na harusi ya mpwa hazijaanza kuigombea hiyo hela.

Kwanza hakikisha ni pumu

Neno "kifua" kwetu linabeba magonjwa matatu tofauti, na ukikosea hapo kila utakachonunua ni bure. Pumu huja na kuondoka: usiku, vumbini, kwenye moshi, baada ya kukimbia, na filimbi inasikika mtoto anapotoa pumzi. Kichomi huja na homa na kupumua haraka. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke kituo siku hiyohiyo. Akiwa mbavu zinaingia ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, usipitie dukani kwangu, nenda hospitali moja kwa moja. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, mtoto anakonda, na nyumbani yupo mtu mzima anayekohoa, hapo waza kifua kikuu. Dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, asikuuzie mtu.

Vidonge au inhela

Hapa ndipo ninapobishana na wateja kila siku, kwa hiyo mnivumilie.

Kidonge cha salbutamol, kile cheupe alichotaka bibi, cha miligramu 4 kina dawa mara arobaini ya mpulizo mmoja wa inhela, ambao ni maikrogramu 100. Mtu akisikia hivyo anaona kidonge ndicho chenye nguvu. Sivyo. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, na sehemu ndogo tu ndiyo inafika kwenye njia za hewa. Ndiyo maana mtoto anatetemeka mikono, moyo unamwenda mbio, hapati usingizi, na bado anasubiri nusu saa au zaidi apate nafuu. Mpulizo wa inhela unatua palepale panapobana, na nafuu inaonekana ndani ya dakika chache. Dawa ya maji ya salbutamol ina kasoro zilezile za kidonge, imeongezwa sukari tu.

Kwa bei, vidonge kumi ni rahisi, hilo halina ubishi. Lakini inhela ya bluu, ambayo ndiyo ya salbutamol, ina mipulizo 200, na bei yake haifiki ya kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Nilipiga hesabu na yule bibi kwenye karatasi ya kufungia: vidonge vya mia tano kila baada ya siku tatu nne, kuanzia Februari hadi Agosti. Tulipofika Juni akaniambia niache kuandika.

Halafu kuna lile neno kwamba "inhela inazoesha". Sijui lilianzia wapi ila limeenea hadi vijijini. Inhela haimfanyi mtoto mteja wa dawa. Kinachotokea ni kwamba watu wanamwona mtoto anaitumia kila siku kwa sababu ugonjwa upo kila siku, wanaigeuza sababu kuwa matokeo. Miwani nayo ingekuwa inazoesha macho.

Ya bluu au ya kahawia

Ya bluu inafungua njia ya hewa iliyobana. Ya kahawia, mara nyingi beklomethazoni, inapoza uvimbe unaosababisha kubana, na inafanya kazi polepole, siku hadi wiki kadhaa, ndiyo maana watu wanaiacha: "nimeitumia juzi na jana sijaona kitu." Rangi zinaweza kutofautiana kwa watengenezaji, soma jina.

Mwenye hela ya moja anunue ipi? Kama mtoto anabanwa mara chache, sema kila akipata mafua, bluu inatosha kuwa nayo nyumbani huku akifuatiliwa na daktari. Kama anabanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku kwa kukohoa, kuendelea na bluu peke yake ni kufagia maji bila kuziba bomba. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haukubali tena kijana au mtu mzima atibiwe kwa bluu pekee, kwa sababu uvimbe unaendelea chinichini na siku moja anabanwa bluu isimfungulie. Kwa mtoto mdogo daktari ndiye anayepima na kuandika kiwango, na ya kahawia sikupi bila cheti hata ukiniita majina yote.

Ukishaandikiwa, fanya hesabu ya msimu. Tuseme daktari ameandika mpulizo mmoja asubuhi na mmoja jioni: kopo la mipulizo 200 linakaa siku 100. Mwaka mzima ni makopo manne, na ukiyanunua Novemba yote kwa pamoja unatoka Julai mtoto akiwa bado na dawa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa, na yaweke mbali na jua na bati. Mwalimu na bima yake anapata utulivu huo kila mwezi bila kuwaza. Mkulima anaweza kuupata mara moja kwa mwaka, akiamua Novemba.

Spesa ya dukani au chupa ya maji

Mtoto wa chini ya miaka kumi hivi hawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Dawa inaishia ulimini na mzazi anasema inhela ni feki. Dawa yake ni spesa, kile chombo cha katikati. Za viwandani zipo, ni nzuri, huku kwetu hazipatikani kila duka, na bei yake inaweza kuipita inhela yenyewe.

Chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyohiyo, wala si dawa ya mtaani. Huko Cape Town, watafiti waliwagawa watoto waliobanwa na pumu, wengine wakapewa spesa ya kiwandani na wengine chupa ya nusu lita, na matokeo yaliyochapishwa 1999 kwenye jarida la Lancet yalionyesha chupa haikushindwa.

Unatengeneza hivi. Chupa iwe kavu na safi. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, uchore kuuzunguka kwa peni. Pasha waya kwenye moto, fuatisha mchoro, toboa. Tundu likiwa kubwa, hewa inavuja, tupa uanze na chupa nyingine, chupa hazina bei. Ingiza inhela, ziba pembeni kwa plasta. Chupa ioshe kwa maji yenye sabuni na uiache ijikaushe yenyewe bila kuipangusa, maana ukiisugua kwa kitambaa plastiki inavuta dawa ikaganda kwenye kuta za chupa. Mtoto anaweka mdomo pale pa kunywea, midomo imeziba vizuri, unatikisa inhela, unabonyeza mara moja, anapumua polepole ndani ya chupa mara tano hadi kumi. Mpulizo wa pili ni baada ya hapo. Usibonyeze miwili kwa pamoja.

Mimi katika vyote nitakavyovitaja humu, hii chupa ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Ni bure.

Moshi

Sasa tufike jikoni, ambako wengi hudhani ndiko pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5 kwa mwaka 2020. Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kwa hiyo mtungi unasifiwa kila mahali, na mimi siupingi. Ninachopinga ni kumuuzia mama mtungi kama vile ni chanjo.

Wenzetu wameshajaribu. Malawi walitoa majiko ya kuni yaliyoboreshwa yenye feni, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa vijijini. Matokeo ya 2016: kichomi hakikupungua. Ikaja zamu ya gesi, kaya zipatazo 3,200 za Guatemala, India, Peru na Rwanda, nusu zikapewa jiko na gesi ya bure tangu mama akiwa mjamzito. Moshi jikoni ulishuka kweli, lakini taarifa ya 2024 ikasema kichomi kikali cha watoto wachanga hakikupungua kwa kiasi cha kutambulika. Kabla yao Guatemala walijaribu jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi nje. Kichomi kwa jumla hakikushuka kwa uhakika, ila kile kikali kilipungua kwa karibu theluthi moja.

Hayo yote yalipimwa kwenye kichomi, si pumu, na mtoto mwenye pumu utaona mwenyewe anavyobanwa moshi ukimpata. Ila yanasema kitu kuhusu umaskini. Ukitoa moshi wa jikoni peke yake, bado kuna moshi wa jirani, taka zinazochomwa uani, watoto wanne kitanda kimoja wakiambukizana mafua, uzito mdogo wa kuzaliwa, lishe duni. Mapafu yanaendelea kukua mpaka mtu anakaribia au kupita kidogo miaka 20, na yanajengwa kwa chakula kama mifupa inavyojengwa. Jiko jipya haliwezi kubeba mzigo huo wote.

Basi linganisha hivi. Kuni kwenye mafiga ndani ya chumba wanacholala watoto ndiyo hali mbaya kuliko zote, na kuihamisha hakudai mtungi: banda la makuti nje, kuta nusu, upande wa chini ya upepo. Kuni kavu zina moshi mdogo kuliko mbichi, kwa hiyo za masika zianike tangu Oktoba. Mtoto mwenye pumu asiwe ndiye anayetumwa kupuliza moto. Mkaa una moshi mdogo wa kuonekana, lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa, hata baridi ya Newala ikizidi.

Gesi ni safi na ya haraka. Tatizo lake huku kwetu lina jina: mbaazi. Mtu ana mtungi wa kilo 6, anachemshia chai na uji, lakini mbaazi kavu zinakaa motoni masaa, kwa hiyo zinarudi kwenye kuni. Nyumba inakuwa na majiko mawili na moshi uleule. Kabla hujanunua mtungi, jiulize nani atalipia wa pili. Nimeona mitungi mingi iliyonunuliwa Desemba ikawa kiti cha mgeni ifikapo Aprili. (Na kwa wanaoniuliza: gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa hapa kwetu Mtwara 1982, siyo iliyo ndani ya mtungi. Ile inakwenda kwa bomba, sehemu kubwa kuzalisha umeme. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Inauma, najua.)

Nyumba yenye umeme ina njia nyingine ambayo watu wanaidharau: sufuria ya presha ya umeme. Ukiroweka mbaazi usiku, zinaiva kwa muda wa chini ya saa moja na kwa karibu nusu uniti, maana mashine inajizima na kujiwasha. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kwa mbaazi hakuna mkaa unaoweza kushindana na hapo. Ukipita 75 bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu, na umeme ukikatika unarudi kwenye mafiga, kwa hiyo usiuze jiko lako la zamani.

Salfa na maganda

Kwa hili siwezi kuwa mpole. Salfa tunayopuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni unga unaowasha macho na njia ya hewa ya mtu mzima, sembuse mtoto mwenye pumu. Siku ya kupuliza alale kwa shangazi upande mwingine wa kijiji. Mfuko usihifadhiwe chumbani, na shati la aliyepuliza lisiingie ndani bila kufuliwa. Vivyo hivyo maganda ya korosho: mafuta yake ni makali, moshi wake ukikupata unaujua. Usimkalishe mtoto karibu korosho zinapobanguliwa na kukaangwa. Hakuna cha kununua hapo.

Bima au akiba

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023. Mtoto wa chini ya miaka 5 sera inamsamehe gharama katika vituo vya serikali, wa miaka saba keshapita. Kwa pumu, kabla ya kulipia bima yoyote uliza swali moja: inhela ya kinga, ile ya kahawia, imo kwenye kifurushi, na kituo changu kinakuwa nayo? Wakisema ndiyo kwa yote mawili, bima inashinda akiba kwa mbali, kwa sababu kulazwa mara moja kunamaliza hela ya makopo manne. Wakisema "dawa utanunua nje", nunua makopo kwanza. Kaya isiyo na uwezo kabisa iende kwa afisa ustawi wa jamii kuomba msamaha, ni haki iliyoandikwa.

Na kadi ya kliniki itazame. Chanjo ya nimokoko inayokinga aina za kichomi hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, bila malipo.

Mimi ningenunua hivi

Kwa mwenye hela kidogo sana: chupa, inhela ya bluu, na kuhamisha mafiga nje. Kwa mwenye magunia machache ya korosho na mtoto anayeamka usiku: nauli ya kumwona daktari, hospitali ya hapa Mkomaindo au ya pale Ndanda, kisha makopo ya kahawia ya mwaka mzima kabla ya mtungi wowote. Kwa mwenye umeme na dawa tayari: sufuria ya presha. Mtungi ni wa nne kwangu, na anunue mwenye uhakika wa kuujaza tena mwezi Mei.

Kuna shida moja ndogo inayobaki. Inhela nyingi za bei nafuu hazina namba ya kuonyesha mipulizo iliyobaki, na kuiweka kwenye maji uone kama inaelea hakusemi kweli. Ikiisha dawa, bado inatoa upepo, na mtoto anavuta upepo wiki nzima bila mtu kujua. Yule bibi alirudi Novemba na mjukuu, cheti mkononi, akanunua makopo mawili, mengine akasema atafuata malipo ya pili yakiingia. Hajui kusoma. Nilimwambia kila asubuhi, mtoto akishavuta, achore mstari mmoja wa mkaa ukutani, na jioni mwingine. Ikifika vidole vya mikono na miguu vya watu kumi, kopo limekwisha. Akafikiri kidogo, akauliza kama mistari ya siku alizosahau nayo achore.